Umeona Mti Usiotambulika Msituni? Hatua za Kuuandika Kama Spishi Mpya

Kila msimu maswali ni yale yale. Mwanafunzi wa misitu ametoka mazoezini Amani, kwenye milima ya Usambara ya Mashariki mkoani Tanga, au kijana anayetembeza wageni kule Zigi, au mjumbe wa kamati ya mazingira wa kijiji kilichopakana na msitu wa Nilo: "Kaka, huku kuna mti hatuupati kwenye kitabu chochote. Nimeupiga picha. Tufanyeje ili uandikwe?" Wengine huuliza kama lazima wawe na shahada, wengine kama lazima wajue Kilatini. Na wapo wanaonyamaza kabisa, kwa hofu kwamba wakitamka tu, mgeni atakuja kuubeba na jina lake.

Nijibu kwa mkato kwanza. Picha peke yake haitoshi. Shahada haidaiwi popote katika kanuni za majina ya mimea. Kilatini kiliacha kuwa lazima tangu tarehe 1 Januari 2012. Maelezo ya kuutofautisha mti sasa yanaweza kuandikwa kwa Kiingereza. Kinachodaiwa ni sampuli nzuri, ulinganisho wa kweli na chapisho lililofuata kanuni. Na hofu ya kuporwa, dawa yake ni wewe mwenyewe kuwa mkusanyaji mwenye namba yako na mwandishi mwenye jina lako, tangu tawi la kwanza. Anayeufahamu msitu hastahili kuishia kwenye mstari wa shukrani.

Wala usidhani milima yetu imekwisha kupekuliwa. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, na tangu hapo Usambara ya Mashariki haijakosa wataalamu wa mimea. Hata hivyo ni mwaka 2019 ndipo lilipochapishwa jina la Mischogyne iddii, mti wa familia ya mstafeli, ndani ya Amani hiyo hiyo. Ni mti unaofikia mita 20 kwenda juu. Jina hilo ni heshima kwa Iddi Rajabu, mtaalamu wa mimea mkaazi wa Amani.

KABLA HUJAANZA

Vibali kwanza, panga baadaye. Ndani ya hifadhi ya msitu ya serikali hata kijiti hakikatwi bila ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na utafiti unataka kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Msitu wa kijiji nao una wenyewe: pita ofisi ya kijiji, saini kitabu cha wageni, zungumza na kamati ya mazingira, eleza utachukua nini na kiasi gani. Majarida mengi siku hizi huuliza namba ya kibali, na sampuli isiyo na kibali inaweza kuzuia kazi yote.

Vifaa:

- mkasi wa kupogolea, panga, na upembo mrefu wenye wembe wa kukatia matawi
- manati kubwa, mshipi wa kuvulia samaki, chubwi, na kamba imara
- kibanio cha mimea: fremu mbili za mbao, mikanda miwili, vipande vya boksi na magazeti mengi
- daftari lenye jalada gumu na kalamu ya risasi. Wino huyeyuka kwa mvua na kwa spiriti
- simu au kifaa cha GPS, tepu ya kupimia, rula, na lenzi ya mkono inayokuza mara 10
- spiriti, vichupa vyenye vifuniko vya kukaza, chembe za silika za kukaushia, mifuko mizito ya nailoni
- vitambulisho vya karatasi ngumu vilivyofungwa uzi

Na mtu. Usiingie peke yako, na usiingie bila mwenyeji anayezijua njia.

HATUA YA 1: Uliza wazee, kisha uchunguze kama mti si mgeni

Anza kijijini. Mpelekee mzee tawi, msalimie, kaa chini, uliza: "Shikamoo mzee. Mti huu mnauitaje hapa, na mnautumiaje?" Uliza Msambaa, uliza Mbondei, uliza Mzigua, kila mmoja peke yake, wasije wakaambizana. Andika majina yote kama yalivyotamkwa. Mti ukiwa na jina la Kisambaa haimaanishi kwamba sayansi imeshaupa jina, na ukikosa jina haimaanishi ni mpya. Lakini mzee atakwambia jambo ambalo kitabu hakina: unachanua baada ya mvua zipi, tunda linaliwa na mnyama gani, na miti mingine ya namna hiyo iko bonde lipi. Hilo la mwisho litakuokolea miguu.

Sasa mtego ambao ni wetu sisi wa Tanga. Bustani ya Amani ilipandwa mamia ya mimea kutoka Amerika, Asia na pembe nyingine za Afrika, na baadhi yake imetoka bustanini ikaingia msituni. Muhesi (Maesopsis eminii) ulikuja hivyo ukasambaa kila penye uwazi. Mpira wa Castilla elastica, wenye asili ya Amerika, nao unajiotea. Kwa hiyo mti usiofanana na chochote katika vitabu vya Afrika Mashariki unaweza kuwa mti wa kawaida kabisa huko ulikotoka. Ukiwa karibu na bustani, barabara ya zamani au shamba lililoachwa, anza kwa kudhani ni mgeni, mpaka ithibitike vinginevyo.

Mtego wa pili ni majani ya utotoni. Miche na maotea ya kisiki huwa na majani makubwa kuliko ya mti mzima, pengine hata ya umbo jingine. Usitangaze spishi mpya kwa mche unaofika kiunoni.

HATUA YA 2: Subiri ua na tunda

Hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Bila ua huwezi kuuweka mti kwenye jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, kwa uhakika, na familia nyingine hudai tunda pia. Weka alama kwenye njia, chukua vipimo vya mahali, rudi. Kwa milima yetu, pitia wakati vuli inaanza, inapokwisha, na tena kabla ya masika. Mwambie mgambo wa msitu akupigie simu akiona petali zimedondoka chini. Mara nyingi ua la mti mrefu huonekana kwanza ardhini.

Angalia pia kama maua ya kiume na ya kike yako kwenye mti mmoja au miti tofauti. Miti mingi ya msituni imegawanyika hivyo, na mtu akikusanya kutoka mti mmoja tu hubaki na nusu ya habari.

HATUA YA 3: Kusanya

Tawi la mita 25 juu halifikiwi kwa upembo. Njia inayofaa kwa watu wa kawaida ni hii: funga chubwi kwenye ncha ya mshipi, mshipi ukiwa umelala wazi juu ya kitambaa chini bila kujikunja. Rusha kwa manati kupita juu ya tawi jembamba lenye maua, si tawi nene. Chubwi likishuka upande wa pili, funga kamba kwenye mshipi, vuta mpaka kamba ipite juu, kisha wawili mshike ncha mbili na kulivuta tawi kwa mkupuo mmoja. Wote wengine wakae mbali na kivuli cha mti. Vaeni kofia ngumu kama zipo.

Onyo: usimpandishe mkwezi wa minazi kwa sababu tu anapanda vizuri. Mnazi unakumbatika, mti wa msitu wenye kiuno cha mita moja na ukungu kwenye gome haukumbatiki. Kupanda ni kwa mwenye mkanda, kamba na mafunzo.

Kata vipande vinavyoenea kwenye karatasi ya sm 42 kwa 28 hivi. Kila kipande kiwe na kijiti, majani kadhaa, na maua au matunda. Chukua nakala tano hadi saba kutoka mti ule ule kwa siku ile ile, zote zikiwa na namba moja. Namba ni yako wewe mkusanyaji: anza na 1, endelea maisha yako yote, usirudie, usianze upya kila mwaka. Mti mwingine, hata ukiwa pacha wake hatua kumi mbele, ni namba nyingine.

Kabla ya jambo lolote jingine, kata vipande vidogo vya jani changa, vitie kwenye mfuko wenye silika. Hivyo ni vya DNA. Jani lililoguswa na spiriti haliaminiki tena kwa kazi hiyo. Maua machache na matunda mabichi yatie kwenye vichupa vya spiriti, namba ikiwa ndani ya kichupa kwa kalamu ya risasi, si juu ya kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Na tafadhali, kama miti iko michache, chukua kidogo. Kama uko mmoja tu, usitoboe wala kuubandua gome kuuzunguka. Kovu dogo la upande mmoja linatosha.

HATUA YA 4: Andika ukiwa mbele ya mti

Sampuli kavu iliyo hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, haisemi kila kitu. Rangi hupotea, harufu hupotea, utomvu hukauka, na ukubwa wa mti hauonekani kwenye karatasi. Yaandike haya papo hapo, si jioni ukiwa kambini:

Urefu wa mti. Mzunguko wa shina mita 1.3 kutoka chini, ugawe kwa 3.14 upate kipenyo. Kama kitako kina mizizi iliyosimama kama mbao, pima juu ya hiyo mizizi na useme umepima wapi. Gome la nje: rangi, laini au limepasuka, linabanduka au la. Kisha kata kovu dogo kwa panga, ngoja dakika mbili, angalia.

Kovu hili lina thamani kubwa kuliko vijana wengi wanavyodhani. Utomvu mweupe wa maziwa unakupeleka kwa jamaa za mvule na mkuyu, miongoni mwa wengine. Wa njano unakuelekeza kwa jamaa za msambu na mtondoo. Mwekundu kama damu, fikiria familia ya kungumanga, ambamo yumo mtambaa wetu wa Usambara. Gome likibanduka kwa nyuzi ndefu zisizokatika, kumbuka familia ya mstafeli. Halafu shika tawi: majani yakiwa yanatazamana, na kati ya vikonyo viwili kuna kigamba kidogo kinachounganisha pande mbili, uko karibu na jamaa za kahawa. Nyanyua jani kwenye mwanga. Likiwa na vitone vinavyong'aa na harufu ya limau ukilifikicha, ni upande wa mlimau. Kwa dalili hizi peke yake umepunguza familia nyingi kabla hujafungua kitabu.

Rangi ya kila sehemu ya ua, ndani na nje. Harufu, na saa uliyoinusa, kwa sababu maua mengine hunukia usiku tu. Wadudu walioko. Aina ya udongo, mteremko, miti jirani.

Mahali: mkoa, wilaya, kijiji, msitu, njia, mwinuko kutoka usawa wa bahari, na vipimo vya GPS kwa mfumo wa WGS84. Chunga alama ya kusini. Amani iko karibu nyuzi 5 dakika 6 kusini na nyuzi 38 dakika 38 mashariki. Ukisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, ramani itaupeleka mti wako kusini mwa Ethiopia, na mhariri hatacheka.

HATUA YA 5: Bana na ukaushe

Tandaza kijiti kwenye gazeti kama kilivyokuwa kikiishi. Geuza angalau jani moja lionyeshe mgongo wake. Mishipa na vinyweleo vya chini ni ushahidi. Jani refu likunje, usilipunguze kwa mkasi, na ukilazimika kukata acha kikonyo mahali pake ionekane kulikuwa na jani. Ua moja lifungue, petali zitanuke. Tunda nene lipasue katikati, au lining'inize lenyewe kwenye mfuko wenye namba ile ile.

Panga gazeti, boksi, gazeti, boksi, kaza mikanda. Badilisha magazeti kila siku kwa siku za mwanzo. Weka kibanio kwenye hewa kavu inayopita, juani, au juu ya joto la taratibu la taa kadhaa au jiko lililofifia. Usikioke: majani yaliyookwa huvunjika ukiyagusa.

Amani wakati wa masika hakuna jua la kukausha chochote. Hapo tumia spiriti: funga mafungu ya magazeti yenye sampuli, tia kwenye mfuko mzito wa nailoni, mwagia spiriti mpaka magazeti yalowe, funga hewa isitoke. Sampuli zitakaa salama mpaka ushuke Muheza au Tanga mjini kwenye umeme. Zitageuka kahawia, ndiyo maana rangi uliziandika jana yake.

HATUA YA 6: Tafuta familia na jenasi

Chukua ua kavu, lichemshe dakika chache lilainike, au tumia lililo kwenye spiriti. Lipasue chini ya lenzi. Hesabu sepali, petali, stameni. Angalia ovari iko juu au chini ya petali, ina vyumba vingapi. Fuata funguo za utambuzi kwenye vitabu vya flora, yaani maelezo ya mimea yote, ya Afrika Mashariki ya kitropiki, mfululizo ulioanza kuchapwa mwaka 1952 ukakamilika 2012. Kila swali la funguo lijibu kwa kuangalia, si kwa kukumbuka.

Usiruke hapa kwa sababu programu ya simu imekupa jina. Programu hizo zimefundishwa kwa picha za mimea inayojulikana. Haziwezi kukupa jina ambalo halijawahi kutolewa, na zitakupa la karibu kwa ujasiri mkubwa.

HATUA YA 7: Linganisha

Spishi mpya haigunduliwi msituni. Msituni unaona mti tu. Upya wake unaonekana pale unapouweka karibu na ndugu zake wote na kukuta hauingii kwa yeyote. Kwa hiyo hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo itakayokula muda.

Tengeneza orodha ya kila spishi ya jenasi hiyo iliyoko Afrika, si Tanzania tu. Majina na machapisho yake ya kwanza yamo kwenye hifadhidata za bure za intaneti, IPNI na POWO. Kwa kila spishi, tafuta sampuli iliyobeba jina, yaani ile moja ambayo jina limefungwa kwayo. Nyingi zimepigwa picha na zinaonekana mtandaoni. Kisha nenda hebaria kwa miguu yako: Hebaria ya Taifa Arusha (NHT), ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (DSM), ya Lushoto (TFD) ambayo ni jirani yetu kabisa, na ukiweza Nairobi (EA). Hebaria ya Nairobi ilizaliwa Amani kabla ya kuhamishwa karibu na mwaka 1950, hivyo sampuli nyingi za milima yetu ziko huko.

Jambo moja ujue mapema. Mimea mingi ya Usambara ilipewa majina enzi za Wajerumani, na sampuli zake zikawekwa Berlin. Hebaria ya Berlin iliungua kwa mabomu usiku wa Machi 1943, na sehemu kubwa ya sampuli hizo ikateketea. Ukisoma "Berlin, imeharibika", usikate tamaa: tafuta nakala za mkusanyaji huyo huyo zenye namba ile ile Nairobi, Kew kule Uingereza (K) au kwingineko. Na kumbuka maafa hayo utakapogawa nakala zako.

Fungua pia mafaili yaliyoandikwa jina la jenasi bila jina la spishi. Spishi nyingi "mpya" zimelala humo miongo kadhaa. Ukiukuta mti wako humo, furahi: umepata sampuli ya pili, na pengine tunda ulilolikosa.

Mwandikie bingwa wa familia hiyo, popote alipo. Barua fupi, picha zenye rula, vipimo, na sentensi moja ya wazi kwamba unakusudia kuuchapisha na unakaribisha ushirikiano. Ukipeleka sampuli nje ya nchi, andaa cheti cha afya ya mimea na makubaliano ya maandishi ya uhamisho wa sampuli.

HATUA YA 8: Amua

Tofauti moja ya urefu wa jani si spishi. Jani hurefuka kivulini. Tafuta tofauti mbili tatu, ikiwezekana kwenye ua au tunda, zisizoingiliana na za ndugu wa karibu, na zinazojirudia kwenye miti kadhaa. Chora jedwali: mti wako safu moja, ndugu wawili au watatu wa karibu safu zinazofuata. Ukiona namba zinapishana kila mstari, simama. DNA ikipatikana husaidia sana, lakini kanuni haziidai.

HATUA YA 9: Chagua jina

Jina ni maneno mawili, la jenasi kwa herufi kubwa na la spishi kwa ndogo, likiwa na umbo la Kilatini. Ukilitoa mahali: amaniensis, usambarensis. Jenasi ikiwa ya jinsia isiyo ya kike wala ya kiume, mwisho huwa -ense. Ukimheshimu mwanamume ambaye jina lake linaishia irabu isiyo -a, ongeza -i, ndiyo maana Iddi akawa iddii. Jina linaloishia -a, la mwanamke au la mwanamume, ongeza -e, Asha awe ashae. Jina linaloishia konsonanti, isipokuwa -er, huongezwa -ii kwa mwanamume na -iae kwa mwanamke. Jina la kienyeji la mti pia laweza kutumika lilivyo, na mimi ningependa kuyaona mengi zaidi.

Hakikisha jina halijawahi kutumika ndani ya jenasi hiyo, hata kwa mmea uliokwisha kubadilishwa jina. Usijiite wewe mwenyewe. Na usilitaje jina kwenye mitandao wala magrupu kabla ya siku ya kuchapishwa.

HATUA YA 10: Andika

Mpangilio uliozoeleka: jina likifuatiwa na "sp. nov." (kifupi cha Kilatini cha "spishi mpya"), sampuli kielelezo (ile iliyobeba jina), maelezo mafupi ya kutofautisha, maelezo kamili, usambazaji, mazingira, miezi ya kuchanua, majina ya kienyeji, hali ya uhifadhi, asili ya jina, na sampuli zote ulizoziona.

Sampuli kielelezo huandikwa hivi: "Tanzania, Mkoa wa Tanga, Wilaya ya …, msitu wa …, latitudo, longitudo, mwinuko, tarehe, mkusanyaji na namba (holotaipu NHT, isotaipu DSM, EA, K)." Holotaipu ni sampuli moja tu, ile inayobeba jina, na hebaria ilipo lazima itajwe. Isotaipu ni nakala zake. Ibaki nchini, nakala zisambae. Picha haiwezi kuwa holotaipu ya mti.

Maelezo ya kutofautisha ni sentensi mbili tatu za Kiingereza au Kilatini: unafanana na nani, unatofautiana kwa nini, kwa vipimo. Maelezo kamili huanza chini kwenda juu: shina, gome, tawi, jani, ua, tunda, mbegu. Pima majani kumi au zaidi kutoka miti tofauti. Mchoro wa wino wa ua lililopasuliwa unasema kuliko picha. Mtafute mchoraji mapema. Makala yenyewe yaweza kuwa ya lugha yoyote ilimradi maelezo ya kutofautisha yawe katika mojawapo ya lugha hizo mbili. Omba muhtasari wa Kiswahili uwekwe. Majarida mengine hukubali.

HATUA YA 11: Pima hatari inayoukabili

Tumia vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Miti mikubwa inayozaa ikiwa chini ya 50 duniani, spishi iko hatarini mno. Chini ya 250, iko hatarini. Kwa kigezo cha eneo, weka miraba ya kilomita 2 kwa 2 juu ya kila ulipouona: bonde moja ni mraba mmoja, kilomita za mraba 4. Lakini eneo dogo peke yake halitoshi. Lazima pia uonyeshe mambo kama idadi ndogo ya mahali ulipo na upungufu unaoendelea. Taja vitisho ulivyoviona kwa macho: mashamba ya iliki chini ya msitu, upasuaji wa mbao, mashimo ya dhahabu kama yale ya Sakale, muhesi kuziba mapengo. Kama mti unafaa kwa mbao au dawa, usichapishe vipimo kamili vya mahali. Punguza tarakimu na mweleze mhariri sababu.

HATUA YA 12: Chapisha

Phytotaxa, PhytoKeys na Kew Bulletin hupokea kazi hizi. Uliza gharama kabla. Phytotaxa huchapisha bila malipo kama huhitaji makala iwe wazi kwa wote. PDF inahesabika mradi jarida lina ISSN, namba ya kimataifa ya majarida. Tasnifu ya chuo kwa kawaida haihesabiki, wala bango la mkutano. Panga subira: Tessmannia princeps, mti wa Udzungwa unaofikia mita 40, ulionekana 2019 na jina lake likatoka 2025.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Majani yamedondoka kwenye kibanio. Ulichelewa kubana au joto lilikuwa la polepole mno. Yakusanye yote kwenye bahasha yenye namba. Bado yana thamani. Safari ijayo chovya kijiti kwenye maji ya moto kwa sekunde chache kabla ya kubana.

Ukungu umeingia. Toa magazeti yote, futa kwa brashi iliyoloa spiriti, kausha upya siku hiyo hiyo. Usiichanganye na sampuli nyingine.

Bingwa hajibu. Ngoja wiki tatu, andika tena, kisha mwandikie mwingine wa familia hiyo. Hebaria ya Arusha au ya Dar es Salaam zinaweza kukuunganisha.

Una tunda, huna ua. Andika namba ya kila mti ulioutembelea, na umpe mwenyeji wa kijiji cha karibu mikasi na magazeti akukusanyie ua likitokea, chini ya kibali chako, kwa namba yake mwenyewe. Akikusanya yeye sampuli kielelezo, jina lake ndilo litakalosomwa hapo, na awe miongoni mwa waandishi.

Mhakiki anasema ni aina tu ya spishi inayojulikana. Rudi kwenye jedwali. Kama ana haki, ichapishe kama nususpishi au kama taarifa mpya ya usambazaji. Kama hana, mwonyeshe miti mingi zaidi, si maneno mengi zaidi.

Umegundua jina ulilolichagua limeshatumika. Kama makala haijatoka, libadilishe tu. Kama imetoka, chapisha jina mbadala upesi, maana mtu mwingine yeyote anaruhusiwa kulichapisha kabla yako.

Mti wenyewe umekatwa kabla hujamaliza. Chukua sampuli ya mbao na gome kutoka kwenye kisiki, piga picha, toa taarifa TFS au kwa serikali ya kijiji, na urudi kwa yule mzee aliyekutajia mabonde mengine. Maotea ya kisiki yawekee uzio wa miti. Yanaweza kuchanua tena.